Kibanja cha Mama na Uongo Wangu Mdogo



Kwa ambao hamjawahi kufika huku kwetu, Igurwa ni kata ya wilaya ya Karagwe, mkoa wa Kagera, Jimbo letu la Kayanga. Ukisimama mlimani unaona migomba, na nyumba zinachungulia katikati ya migomba. Leo nataka tutafakari juu ya chakula tunachokilima nyumbani. Nilikuwa nimepanga kuandika kitu kizuri chenye majina ya wanafalsafa, maana hicho ndicho nilichosomea. Lakini kila nikianza, dhamiri inanirudisha kwenye jambo moja lililonitokea likizo iliyopita, na nimeona afadhali niliseme hilo.

Kwanza nieleze kibanja ni nini. Shamba unaliendea, kibanja unaishi ndani yake. Nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, chini ya migomba kuna mibuni, chini ya mibuni kuna maharage, na pembezoni magimbi, maboga na viazi vikuu. Nyasi zinakatwa huko nje na kuja kutandazwa chini ya migomba ili udongo usikauke. Samadi ya ng'ombe au mbuzi, maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, vyote vinarudi ardhini. Ndiyo maana kibanja kinaweza kumlisha babu, baba na mjukuu mahali pale pale. Na mara nyingi, hatua chache tu kutoka jikoni, kuna makaburi ya wazee. Yaani mgomba unaokulisha umesimama karibu na mtu aliyeupanda.

Sasa, kibanja kina adui. Tunamwita mnyauko, wengine huku wanasema unyanjano. Ni ugonjwa unaoletwa na bakteria. Kwanza ulijulikana Ethiopia kwenye ensete, mmea unaofanana na mgomba. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, na miaka michache baadaye ukavuka hadi Kagera. Majani yanageuka njano na kunyauka kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zina madoa ya kahawia. Ukikata shina linatoa uteute wa rangi ya maziwa yaliyochacha. Dawa ya kuutibu hakuna. Kuna kuuzuia tu: kupanda machipukizi safi, kuvunja lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu kwa kijiti chenye panda ili wadudu wasiingize ugonjwa kupitia pale, na zaidi ya yote, kutotembeza kisu. Ukitoka kukata migomba mahali pamoja, kabla ya kugusa mgomba mwingine unapitisha kisu motoni au unakiosha kwa Jik. Mtoto wa darasa la tatu huku kwetu anajua hilo.

Na mimi nilijua.

Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi. Jirani yetu alikuwa na jubilei ya ndoa, na vijana tuliitwa kusaidia kukata ndizi. Nilienda na muhoro wa Mama (wengine mnauita mundu). Tulikata mikungu, tukacheka, tukanywa togwa. Jioni nikarudi nyumbani na, kwa kuwa nilitaka kumfurahisha Mama, nikaanza kupogoa majani makavu kwenye migomba iliyo karibu na jiko. Migomba kumi hivi. Nilijisikia vizuri sana. Nilijiona frateri wa mfano, msomi asiyedharau kazi ya mikono.

Mama akatoka jikoni. Akaniuliza, "Frateri, muhoro umeupitisha motoni?"

Nikajibu, "Ndiyo, Mama."

Sikuupitisha. Nilisahau. Na jibu lilinitoka haraka kuliko nilivyofikiri, kwa sababu tu niliona aibu. Angekuwa ameniuliza kama nimeiba pesa, ningeweza kusema ukweli, maana sikuiba. Lakini aliniuliza swali dogo, na nikampa uongo mdogo. Akaupokea muhoro mkononi mwangu, akautazama, akaingia nao jikoni. Mimi nikaenda kuoga ili niwahi masifu ya jioni.

Baada ya wiki tano hivi, jani moja likawa njano. Kisha jingine. Migomba sita kati ya ile kumi ikapata mnyauko, na miwili ilikuwa na mikungu iliyobakiza muda mfupi tu ikomae. Ikaja kujulikana kwamba mwisho kabisa wa kibanja cha jirani kulikuwa na mgomba mgonjwa ambao hata yeye mwenyewe hakuwa ameuona. Watu wakaja kutupa pole. Wakasema labda ni nyuki, labda ni ndege, labda ni machipukizi. Mama akaitikia, "Labda." Na mimi nimekaa pale na rozari mkononi, kimya.

Vijana wenzangu, niwaambie kitu. Katika falsafa tulisoma sana juu ya ukweli. Tulisoma kwamba ukweli ni kule kulingana kwa akili na jambo lenyewe lilivyo, na nilifanya mtihani wa hilo nikafaulu vizuri. Aristotle katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako anafundisha kwamba fadhila zinapatikana kama ufundi: mjenzi anakuwa mjenzi kwa kujenga, na mtu anakuwa mwenye haki kwa kutenda haki. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Lakini kwenye kibanja, mbele ya mama yangu, sikuwa na neno moja la kweli. Mgomba haukuuliza nina shahada ya nini.

Nilienda kuungama. Niliyoyasema na niliyoambiwa pale ni kati yangu na Mungu. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha jambo ambalo wengi tunalipita haraka: maondoleo yanafuta dhambi, ila hayatengenezi yale yote ambayo dhambi imeyaharibu. Ukiiba, rudisha. Ukimchafulia mtu jina, lisafishe. Nilitoka kanisani nimesamehewa kabisa, nilifika nyumbani nikakuta migomba bado inanyauka. Pale nikaelewa ile namba kuliko nilivyowahi kuielewa darasani. Kulikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Nilimkuta Mama anachambua maharage. Nikakaa kwenye kigoda. Nikasema, "Mama, siku ile muhoro sikuupitisha motoni."

Hakunitazama. Akaendelea kuchambua. Akasema, "Najua, mwanangu. Nilipoupokea ulikuwa baridi, na ulikuwa na utomvu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeniambia uongo wa pili kuulinda ule wa kwanza. Nikauchoma mwenyewe, nikaona nikungoje."

Wiki tano, ndugu zangu. Wiki tano mama yangu alikuwa ananingoja. Alinipikia, aliniombea, aliniita Frateri mbele za watu, alisikia watu wakisingizia nyuki, akanyamaza kunilindia heshima, na alikuwa ananingoja. Tangu siku hiyo nikisoma habari za Baba anayemwona mwanae angali mbali, simwoni tena mzee wa kwenye picha. Namwona mwanamke wa Igurwa mwenye ungo wa maharage.

Kesho yake tuliingia kazini. Bwana shamba alikuwa amewafundisha akina mama kwamba si lazima kung'oa kichaka kizima. Unakata shina lile linaloonyesha ugonjwa, chini kabisa usawa wa udongo, unalirundika pembeni, na unaendelea kufuatilia, mgonjwa mwingine akitokea unamkata. Kila tukihama shina moja kwenda jingine, muhoro unapita motoni. Mama alikuwa ananishikia kijinga cha moto. Hakunihubiria chochote. Mahali palipoumia zaidi tuliamua kutopanda mgomba kwa muda, ili bakteria wakose pa kuishi wafe, na mvua za Septemba zilipoanza Mama akapanda maharage na mchicha, ambao ugonjwa huo hauwagusi. Mimi nilikuwa nimesharudi seminarini. Alinipigia simu akasema, "Pale pako pameota."

Basi kutoka kwenye hiyo sehemu ndogo anayoiita "pale pako", nina mambo matatu ya kuwashirikisha.

La kwanza: kulima ni kazi tuliyopewa kabla ya dhambi. Soma Mwanzo 2:15. Mungu anamweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Hiyo ni sura ya pili. Anguko liko sura ya tatu. Jasho na miiba ndivyo vilivyokuja baadaye. Kwa hiyo kijana anayesema kilimo ni adhabu ya walioshindwa shule amesoma Biblia kuanzia katikati. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, aliirudia sana mistari hiyo: kulima na kutunza vinakwenda pamoja. Kulima bila kutunza ni kama mimi na muhoro wangu, natembea nakata na nafikiri nafanya kazi, kumbe nasambaza ugonjwa.

La pili: bustani peke yake haimfanyi mtu mtakatifu. Huku mitandaoni siku hizi kuna hali ya kusema ukilima mboga zako wewe ni mtu safi. Nendeni kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi. Kwa nini? Soma vizuri mstari wa pili: analitaka alifanye bustani ya mboga, kwa sababu liko karibu na nyumba yake! Ahabu anataka bustani ya nyumbani. Ni wazo zuri kabisa. Lakini ili aipate, wanaletwa mashahidi wawili wa uongo na Nabothi anapigwa mawe. Mboga zile zingeota juu ya damu.

Na Nabothi alikataa kwa sababu gani? Kwamba ule ni urithi wa baba zake. Mtu wa Karagwe anamwelewa Nabothi bila kufafanuliwa na padre yeyote. Kile kilikuwa kibanja. Sasa wapo vijana, na wengine ni wenzangu tuliokomunika pamoja, wamewashinikiza wazazi wakauza kipande cha kibanja ili wapate mtaji. Wapo waliofanikiwa, nisiwaseme vibaya. Lakini wapo ambao bodaboda ilikufa mwaka wa pili, na wapo ambao mtaji wote uliishia kwenye mkeka wa kubeti na mkeka ukachanika Jumamosi moja tu. Ahabu wa nyumbani ni mimi na wewe tukiitazama ardhi ya mama kama pesa iliyolala. Kabla hujamwambia mzazi auze, muulize kwanza ni nani amelala pale chini ya migomba. Na muulize atakula nini.

La tatu: sahani imejaa, lakini je, inalisha? Hili linaniuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa, na mkoa wetu wa Kagera uko juu ya wastani huo. Kagera! Mkoa wa ndizi, maharage, samaki na maziwa. Njaa siyo sababu peke yake. Mara nyingi ni sahani yenye rangi moja: ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi jioni, na yai la kuku wa nyumbani linapelekwa gulioni wakati mtoto analitazama linaondoka. Mboga tunaziona ni chakula cha maskini au cha sungura. Na mama mjamzito anashinda kutwa kibanjani bila kula vizuri, wakati siku 1,000 tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka miwili ndizo zinazojenga mwili na ubongo wake.

Kwa hiyo kijana Mkatoliki anayepanda mchicha, karoti, mpapai na parachichi nyumbani kwao anafanya tendo la huruma kwa mdogo wake. Kuwalisha wenye njaa ni tendo la kwanza katika yale matendo saba ya huruma ya kimwili, na mwenye njaa wa kwanza anaweza kuwa anakaa nyumba moja na wewe, na tumbo lake limeshiba ndizi.

Najua wengi mnaosoma hapa hamna kibanja. Mmepanga chumba kimoja Mwanza, Dodoma au Dar, mnasema Frateri anatuhubiria migomba na sisi hata uwanja hatuna. Sawa. Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliokuwa uhamishoni Babeli, kwenye ardhi isiyo yao, na kati ya mambo ya kwanza aliyowaambia ni kupanda bustani na kula matunda yake (Yer 29:5). Hakuwaambia wangoje mpaka warudi kwao. Tafuta gunia moja. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Simamisha kopo kubwa lisilo na kitako katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo pembeni, kisha livute juu na ujaze tena, hivyo hivyo mpaka juu, upate nguzo ya kokoto katikati. Hiyo ndiyo njia ya maji kufika chini. Toboa matundu ubavuni, panda sukuma wiki au mchicha humo, na juu weka vitunguu. Mwagilia kwa maji uliyooshea mchele au mboga. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba kwanza, usije ukawa Ahabu wa kwenye ua.

Na usijidanganye kwamba itaota yote. Mingine itakufa. Ndipo shule inapoanza. Bwana wetu alisimulia juu ya mtini uliokaa miaka mitatu bila tunda (Lk 13:6-9). Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutilia samadi. Mfano unaishia hapo. Hatuambiwi kama mtini ulizaa. Zamani hilo lilinisumbua, nikitaka kujua mwisho wake. Sasa naona ni kwa sababu ule mtini ni mimi, na mwaka wenyewe ndio huu. Kuna mtu ameniombea muda. Kuna mtu anashika samadi kwa mikono yake kwa ajili yangu, na ananingoja niseme ukweli.

Sehemu ile bado haijarudishiwa migomba. Likizo ijayo, Mungu akipenda, tutapanda machipukizi mapya, na nitachagua yaliyo safi mwenyewe. Ile mikungu miwili haitarudi. Mama hajawahi kuitaja tena, ila nikiwa nyumbani na nikiushika muhoro, bado ananiuliza swali lile lile, kwa sauti ile ile: "Umeupitisha motoni?" Nami sasa nampa muhoro aushike mwenyewe.

Kazi ya wiki hii, kila mmoja wetu. Moja: panda kitu kimoja kinacholiwa, hata kama ni kwenye ndoo iliyopasuka. Mbili: kwenye mavuno yako ya kwanza, tenga sehemu ya mwingine, kama Walawi 19:9 inavyowataka wavunaji wasimalize kingo za shamba lao. Wana VIWAWA mnaweza kulifanya hili pamoja kwenye kigango chenu, mboga zikaenda kwa wazee wasio na mtu. Tatu: kama kuna muhoro baridi uliowahi kusema ni wa moto, rudi kwa uliyemwambia. Huenda anajua tayari. Huenda anangoja.

Tusali. Ee Mungu Baba, uliyemweka mtu bustanini na hukumwacha hata alipokuficha uso wake kati ya miti, tupe mikono isiyoona haya udongo na midomo isiyoona haya ukweli. Wabariki mama zetu wanaotulisha na kutungoja. Waponye watoto wetu wanaodumaa katikati ya neema zako. Wakumbuke wazee wetu waliolala chini ya migomba waliyoipanda. Mtakatifu Isidori Mkulima, utuombee. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.